Duka la dawa za mifugo Langoni, Lamu: muuzaji aliyetazama koo kabla ya kufungua kabati

Duka ninalotaka kulieleza limo katika mtaa wa Langoni, mjini Lamu, ndani ya kichochoro chembamba ambacho punda wawili wenye shehena hawapishani mpaka mmoja arudishwe nyuma. Ni duka la dawa za mifugo. Kwenye rafu zake kuna dawa za minyoo ya mbuzi, marhamu ya vidonda vya punda, chanjo za kuku ndani ya jokofu dogo, na magunia ya chakula cha vifaranga yaliyorundikwa hadi mlangoni. Jina lake sitalitaja, kwa sababu nina sifa za kulitolea na nina lawama pia, na Lamu ni mji ambao mtu hukutana kila siku na yule aliyemlaumu jana. Nilikwenda pale mara sita katika muda wa wiki tatu, mwezi wa Julai, kwa ajili ya ndege mmoja.

Ndege mwenyewe ni njiwa manga wa kike, wa rangi ya hudhurungi, ambaye watoto wa nyumbani wamempa jina la Karafuu. Ni mmoja kati ya njiwa 11 wanaoishi ndani ya kibanda cha mbao kule darini kwetu, lakini yeye hakulelewa kama wenzake: mama yake alichukuliwa na paka wakati yeye angali kinda asiyekamilika manyoya, na wanaoijua Lamu wanawajua paka wake. Kwa hiyo alikuzwa mkononi, akazoea kushuka ngazi kwa miguu na kudonoa punje za wali uani wakati wa chakula cha mchana. Siku mbili mfululizo hakushuka, na hapo ndipo tulipoanza kumtafuta.

Ndege huficha maradhi yake mpaka nguvu za kuyaficha zimwishe, na Karafuu alikuwa amefikia hapo. Alijikunyata pembeni mwa kibanda, manyoya yamemtutumka, macho nusu yamefumba. Nilipomshika, mfupa wa kifua ulikuwa umechongoka kama mkuku wa mashua. Kilichonishangaza zaidi ni namna alivyokula: alikuwa na njaa, alidona mbaazi, akaishika kwa ncha ya mdomo, kisha akaitupa, akadona nyingine, akaitupa. Maji nayo hayakumwendea vizuri. Njiwa hanywi kama kuku anayeinua kichwa kila anapochota, bali hutumbukiza mdomo na kuyafyonza moja kwa moja. Karafuu alikuwa anainua kichwa baada ya kila tone, na mengine yakimtoka pembeni mwa mdomo.

Sikuanzia katika duka hili. Nilianzia kwa muuzaji mwingine, ambaye nilimweleza habari hiyo kwa sentensi mbili naye akanikabidhi pakiti ya unga wa oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, unaopewa kuku wenye mafua, kwa shilingi 150, bila kuuliza swali hata moja. Nikanunua na taa ya umeme kwa shilingi 200 ili nimpashe ndege joto, nikaiwasha usiku kucha juu ya boksi lake, na asubuhi nikagundua kwamba taa hizi za siku hizi za LED hutoa mwanga mkali na joto lake halifiki popote. Kosa hilo ni langu mwenyewe na simsukumii mtu. Siku ya tatu unga ulikuwa bado unaendelea na ndege alikuwa anazidi kukonda, ndipo jirani mmoja anayefuga kuku akaniambia nimchukue Karafuu, nimtie kikapuni, nimpeleke Langoni.

Mwenye duka ni mtu wa makamo ambaye wateja wote humwita daktari, ingawa yeye mwenyewe hukataa na kusema kwamba alisomea stashahada ya afya ya mifugo, na kwamba daktari kamili huja kutoka bara akihitajika. Nilimkuta akimhudumia mzee mmoja aliyekuja kwa habari za punda, nikasubiri barazani. Zamu yangu ilipofika nilianza kuomba dawa, naye akanizuia kwa upole: “Maalim, dawa ipo na haikimbii. Kwanza niache nimtazame koo.”

Akanawa mikono, akaniomba nimzungushie ndege leso ili mbawa zisipigepige, kisha akaufungua mdomo kwa vidole viwili huku akimulika kwa tochi ya simu. Ndani kabisa, nyuma ya ulimi, kulikuwa na donge la rangi ya manjano iliyofifia, mithili ya mtindi uliokaukia kooni, limebakisha upenyo ambao nadhani hata punje ya choroko ingepita kwa taabu. Harufu yake ilikuwa nzito. Hilo ndilo lililokuwa linamfanya adone na kutupa. Mimi na muuzaji wa kwanza tulikuwa tunatibu mafua katika ndege ambaye koo lake lilikuwa limezibwa, na ilihitajika nusu dakika tu ya kutazama ili jambo hilo lijulikane.

Hata hivyo hakukimbilia kabati. Aliuliza kama kuku wa jirani wamekufa siku za karibuni, na kama ndege amewahi kuonekana akipinda shingo au akizunguka pasipo sababu, maana alitaka kwanza kukiweka kando kideri, ugonjwa ambao wengine huuita mdondo na ambao hauna dawa isipokuwa chanjo ya mapema. Aliyakagua macho, kingo za mdomo na ngozi ya miguu akitafuta vipele vya ndui, kwa kuwa ndui ya njiwa nayo inaweza kuacha utando kooni. Mwisho aliuliza juu ya chombo cha maji: ni cha namna gani, kinaoshwa lini, na wangapi wanakinywea. Nilimwambia ukweli, kwamba ni beseni moja la plastiki la njiwa wote na kwamba huongezwa maji kila siku lakini kuoshwa huoshwa tunapokumbuka. Hakunikemea, ila alitikisa kichwa kwa namna iliyotosha.

Maelezo aliyonipa ni miongoni mwa mambo yanayolifanya duka hili listahili kusifiwa, kwa sababu yalikuwa kamili na yalitolewa kwa lugha ya mtu anayezungumza na mtu. Ugonjwa huu huletwa na kimelea cha chembe moja kiitwacho Trichomonas gallinae, ambacho huishi kinywani na kooni mwa njiwa, na njiwa wengi huwa nacho bila kuonyesha dalili yoyote. Makinda hukipata kutoka kwa wazazi wao kupitia maziwa ya njiwa, yaani ule uji ambao wazazi wote wawili, dume na jike, huutengeneza ndani ya gole, ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, na kuwatapikia watoto. Wakubwa hukipata hasa kwa kushirikiana maji. Kikikauka hufa upesi, lakini ndani ya beseni lenye maji machafu hupata mahali pa kungojea ndege mwingine. Kwa kuwa si bakteria, oksitetrasaiklini niliyokuwa natoa haikuwa na la kukifanya. Akaongeza jambo ambalo sikulijua: hata kama ugonjwa ungekuwa wa bakteria, nilikuwa naidhoofisha dawa mwenyewe, maana tulikuwa tunawatilia njiwa maganda ya mayai yaliyosagwa, na kalisi (kalsiamu) iliyomo humo huishika dawa hiyo tumboni na kuizuia kuingia mwilini.

Dawa aliyoichagua ni metronidazoli, vidonge ambavyo wengi wetu tunavijua kwa matumbo ya binadamu. Kipimo hukadiriwa kwa uzito wa ndege, nacho sitakiandika hapa, kwa sababu ndege wa msomaji si Karafuu na kidonge kizima cha mtu ni kikubwa mno kwa njiwa. Na hapa ndipo duka lilipopungukiwa kwa mara ya kwanza: halina mizani ya wanyama wadogo. Ilitubidi twende mlango wa tatu kwa muuza viungo, ambaye kwa hisani yake aliiondoa bizari kwenye sahani ya mizani na kumpokea Karafuu akiwa amefungwa leso, kisha tukaipima leso peke yake na kuitoa. Gramu 248. Njiwa mzima wa aina yake huwa na gramu 300 hadi 350. Jambo hilo lilichekesha watu kichochoroni, na harufu ya bizari ilimkaa ndege siku nzima, lakini duka linalogawa dawa kwa uzito lingepaswa kuwa na mizani yake ya gramu.

Nilitaka kununua taa kubwa nyekundu ya kulelea vifaranga, iliyoning'inia palepale dukani ikiuzwa kwa bei nzuri, naye akakataa kuniuzia. Alisema taa ya wati 250 imekusudiwa banda lenye vifaranga wengi wanaoweza kusogea karibu au mbali. Ndani ya boksi dogo ingemkausha njiwa mmoja asiye na nguvu za kuikimbia. Badala yake aliniambia nitumie chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa, niiweke upande mmoja tu wa boksi ili ndege achague mwenyewe, na niibadilishe kila inapopoa. Nilimuuliza kama joto linahitajika kweli hapa Lamu, akanikumbusha kwamba mwili wa njiwa una joto la takriban nyuzi 41 hadi 42, kwamba ndege aliyekonda hawezi kulihifadhi, na kwamba usiku wa kusi katika nyumba ya mawe si mchezo kwa kiumbe kama huyo. Muuzaji anayekataa kuuza kitu cha bei kwa sababu hakimfai mteja si wa kila duka.

Somo refu zaidi lilihusu kulisha. Karafuu hakuwa anaweza kumeza, na kumwacha mpaka dawa ifanye kazi kungekuwa kumwacha afe kwa njaa akiwa njiani kupona. Mwenye duka alisisitiza mpangilio ambao nimeushika hadi leo: joto kwanza, maji baadaye, chakula mwisho, kwa sababu ndege aliyepoa hana uwezo wa kusaga chochote na chakula humchachia ndani ya gole. Maji yalikuwa ya ORS, ile ile wanayopewa watoto wanaoharisha, yaliyopashwa kidogo. Kisha akachukua sindano isiyo na ncha, akaichomeka mpira mwembamba laini, akaupaka mafuta ya kupikia, akanionyesha tundu la pumzi lililoko nyuma tu ya ulimi, linalofunguka na kufunga kila ndege anapovuta hewa. Uji ukiingia humo, ndege anaweza kufa papo hapo. Mpira hupitishwa juu ya tundu hilo, ukiegemea upande wa kulia wa koo la ndege mwenyewe, taratibu, bila kusukuma, nao hushuka hadi kwenye gole, ambapo mtu anaweza kuupapasa kwa kidole kutoka nje. Kwa kuwa donge lilikuwa limechukua sehemu kubwa ya njia, aliufanya mwenyewe mlo wa kwanza, mililita 10 tu, kisha akanitaka niurudie mbele yake kwa maji matupu. Mikono yangu ilitetemeka, na aliniacha nirudie mara tatu huku wateja wawili wakisubiri.

Onyo jingine alilolitoa kwa sauti ya ukali kidogo lilihusu donge lenyewe. Mtu hujisikia kulikwangua kwa kijiti na kulitoa, na nakiri kwamba wazo hilo lilinijia. Likibanduliwa kwa nguvu hufungua mishipa, na ndege anaweza kuvuja damu hadi kufa mkononi mwa anayemtibu. Linaachwa lisinyae na kudondoka lenyewe.

Nyumbani nilimweka ndani ya boksi kwenye kidaka cha ukutani, mbali na upepo wa dirishani na mbali na paka, nikawa nampa uji mwembamba wa unga wa dengu uliochujwa, mara nne kwa siku. Dawa nilikuwa naisaga kati ya vijiko viwili na kuichanganya humo, na kwa kuwa ni chungu kama shubiri, nilishukuru kwamba ilikuwa inapita ndani ya mpira. Bi mkubwa wa nyumbani alipendekeza kitunguu thaumu na siki, akaniambia babu yake hakuwahi kutumia kingine. Nilimfikishia mwenye duka ushauri huo, naye hakuudharau. Alisema tu kwamba kwa ndege aliyebaki mifupa siku za kujaribu zimekwisha, na akamtumia salamu.

Aliniagiza nimpime kila asubuhi kabla ya mlo wa kwanza na nitazame kinyesi. Siku ya tatu uzito ulishuka hadi gramu 243, nami nikadhani tumeshindwa. Kinyesi kilikuwa maji ya kijani kibichi, na alinieleza kwamba hiyo ni nyongo ya tumbo lisilo na chakula, si lazima iwe ishara ya ugonjwa mpya. Siku ya tano kikaanza kushikana, na doa jeupe likaonekana juu yake kama inavyotakiwa. Siku ya sita, wakati nafungua mdomo kupitisha mpira, donge halikuwapo. Nililikuta limeanguka kwenye kitambaa, limekauka, dogo kuliko nilivyolikumbuka. Uzito siku hiyo ulikuwa gramu 259. Mchana wake alidona mbaazi iliyolowekwa, akaishika, na nilizuia pumzi mpaka niliyaona manyoya ya shingoni yakitikisika kwa kumeza.

Sasa lawama, ambazo si ndogo. Siku ya nne, nilipokuwa nimekata tamaa kwa ule uzito ulioshuka, nilikwenda dukani nikamkuta kijana msaidizi peke yake. Alinisikiliza, kisha akaniambia niongeze dawa mara mbili ili ifanye kazi haraka. Aliyasema hayo bila kumtazama ndege na bila kujua uzito wake. Nilimpigia simu mwenye duka kabla ya kufanya lolote, na alinikataza kabisa: dawa hiyo ikizidi hudhuru mishipa ya fahamu, ndege huanza kuyumba, kupinda shingo na hata kupatwa na degedege, na mtu asiyejua angedhani ni kideri. Ushauri wa namna hiyo ungeweza kumuua Karafuu katika duka lilelile lililomwokoa. Ubora wa mahali hapa umo ndani ya mtu mmoja, na akiwa hayupo ni afadhali mteja arudi kesho kuliko kumuuliza aliye kaunta.

Lawama ya pili ni vidonge vyenyewe. Vilikatwa kutoka kwenye pakiti kubwa na kufungwa ndani ya kipande cha gazeti, bila jina la dawa, bila tarehe ya kuisha, na bila maandishi ya kipimo. Maelezo yote nilipewa kwa mdomo, na mimi niliyaandika kwa sababu ni desturi yangu kuandika. Mwingine angefika nyumbani na nusu yake. Karatasi moja na kalamu si gharama.

Kisha kuna suala la upatikanaji. Kumtibu Karafuu na kumrudisha kwenye kibanda kilekile na beseni lilelile kungekuwa kazi bure, kwa hiyo njiwa wote 11 walihitaji dawa ya unga inayochanganywa kwenye maji ya kunywa. Haikuwapo. Iliagizwa Mombasa, ikaja kwa basi mpaka Mokowe na kuvushwa kwa boti, na niliahidiwa siku mbili zikawa tano. Kwa kisiwa hili linaeleweka, ila lingeelezwa mapema ningeagiza siku ya kwanza. Ilipofika alinipa maagizo mazuri: maji yenye dawa yachanganywe upya kila asubuhi, vyombo viwe viwili ili kimoja kikauke juani wakati kingine kinatumika, na maji mengine yote darini yafunikwe, pamoja na yale yanayotuama chini ya tangi, kwa sababu njiwa atayatafuta yasiyo na uchungu. Alisisitiza pia kwamba njiwa aliyepewa dawa hii asichinjwe kwa kitoweo na mayai yake yasiliwe. Kimelea chenyewe hakimwambukizi mtu, lakini vumbi la kibanda lina mambo mengine, hivyo alitaka tufunike pua wakati wa kufagia na watoto wanawe mikono.

Kwa gharama sina malalamiko. Vidonge vilikuwa shilingi 40, sindano mbili 40, mpira 50, ORS 30, dawa ya unga 650 na usafiri wake 200. Jumla shilingi 1,010. Kwa kumtazama ndege, kunifundisha kulisha na kupokea simu zangu za usiku hakunitoza chochote, ingawa nilimwambia waziwazi kwamba angepaswa. Duka hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa magharibi. Siku ya Ijumaa hufungwa kuanzia saa tano na nusu mpaka saa nane na kidogo. Asubuhi mapema ndiyo bora, kabla ya wenye punda hawajajaa, na ndege aletwe ndani ya kikapu kilichofunikwa, kwa kuwa pale mlangoni pana paka.

Karafuu alirudi darini siku ya 20. Mara ya mwisho nilipokwenda dukani nilikuwa nimepeleka salio la deni la dawa ya unga. Kabla sijazitoa fedha mfukoni, mwenye duka aliniuliza uzito wa asubuhi hiyo. Nilimwambia gramu 322, naye akaifungua daftari ya madeni, akaandika namba hiyo kando ya jina langu, ndipo akapokea pesa.